Michepuko Thelathini na Moja

Bati la dari lilianguka nyuma ya darasa saa tatu na nusu asubuhi, kwa kishindo kilichowarusha wageni wote kumi na wawili. Mmoja alidondosha kikombe cha chai. Mwingine, mtu mzima mwenye suti ya kijivu, alijikuta amemshika mkono mwanamke asiyemfahamu.

Watoto ishirini na wanne waliokuwa wakisoma hawakugeuka. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Vidole vyao viliendelea kufuata mistari ya vitabu, na midomo yao ikaendelea kutamka maneno taratibu.

"Samahani kwa kuwashtua," alisema Dakta Atuganile Mwaipaja. "Bati hilo tulilifunga kwa kamba, na mwalimu ndiye aliyeiachia. Tulitaka mjionee wenyewe."

Wageni walitazamana, kisha wakapiga makofi. Watoto hawakusikia makofi pia, au kama waliyasikia, hayakuwafika.

Ilikuwa mwaka 2084, jijini Mbeya. Vigari vinavyoning'inia kwenye waya vilipanda na kushuka Mlima Loleza bila dereva, na roboti za manispaa zilifagia mitaa kabla watu hawajaamka. Lakini kitu kilicholeta wageni kutoka nchi za mbali kilikuwa kidogo kuliko vyote hivyo. Kilikuwa utepe mwembamba wa rangi ya fedha, uliovaliwa kuzunguka paji la uso. Wenyewe waliuita kizingatishi.

Dakta Atuganile, mmoja wa waliouvumbua, aliwaeleza wageni jinsi ulivyofanya kazi. Binadamu ana umakini wa namna mbili, alisema. Kuna ule tunaouongoza wenyewe, kama mtu anapotunga uzi kwenye sindano. Na kuna ule unaoitwa na dunia: mlango ukigongwa, unageuka kabla hujaamua kugeuka. Kwa mtoto mdogo huu wa pili ndio wenye nguvu, na huchukua miaka mingi kabla ule wa kwanza haujakomaa. Kizingatishi kilifupisha miaka hiyo. Kilisoma mkondo wa ubongo, na mara tu kilipoona fikra zinaanza kuchepuka, kilituma mpigo hafifu wa kuzirudisha kwenye kazi. Kila kugeuka kwa namna hiyo walikuita mchepuko.

"Na mtoto mwenyewe anahisi nini?" aliuliza mtu wa suti ya kijivu.

"Hahisi chochote. Ni kama ukitembea na mwenzio, akakugusa kiwiko ukarudi njiani."

Alijibu kwa uhakika kwa sababu binti yake, Subilaga, alikuwa amekaa safu ya pili. Alikuwa na miaka saba. Alipokuwa na miaka mitano hakuweza kumaliza sahani ya chakula bila kuinuka mara kumi, na shule mbili zilikuwa zimemrudisha nyumbani. Sasa alisoma vitabu vya darasa la nne.

Aliyekuwa na mashaka ni mtu mmoja tu, mama yake Atuganile, Bibi Tusekile, aliyekaa nao nyumbani.

"Huyu mtoto zamani alinichosha kwa maswali," alisema jioni ile. "Bibi, kuku ana magoti? Bibi, kwa nini moshi haurudi chini? Siku hizi haniulizi kitu. Ananijibu tu."

"Anakua, mama."

"Labda," alisema bibi, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi iliyofuata Atuganile aliitwa kwenye kikao cha Taasisi iliyotengeneza vizingatishi. Kabla ya kuondoka alimvalisha Subilaga utepe, kwa kuwa walikuwa wameanza kuujaribu kwa kazi za nyumbani, akamwekea mezani sinia kubwa la maharage. "Chambua mpaka yaishe," alisema, na utepe ukaipokea kazi hiyo. Bibi alikuwa akiosha vyombo. Ilikuwa saa tatu kamili.

Saa sita kasoro jirani yao, Mama Kyando, alikuja kurudisha ungo. Alipiga hodi, hakujibiwa, akasukuma mlango. Bibi Tusekile alikuwa amelala kwenye saruji mlangoni mwa jikoni, upande mmoja wa uso umeshuka, akinong'ona. Hatua tatu kutoka hapo, Subilaga alikaa wima mezani. Maharage mazima aliyaweka bakuli la kulia, mabovu la kushoto.

Mama Kyando alipiga yowe. Mtoto hakugeuka. Aligeuka tu alipovuliwa utepe, na hata hapo macho yake yalikwenda kwanza kwenye sinia.

Hospitali walisema mshipa umepasuka kichwani. "Angefikishwa mapema kidogo..." alianza kusema daktari, lakini alipoutazama uso wa Atuganile hakumalizia. Bibi alifariki Jumatatu alfajiri.

Baada ya matanga, waombolezaji walipokwisha kuondoka na mikeka kukunjwa, Atuganile alimketisha binti yake kitandani.

"Mwanangu, siku ile ulimsikia bibi?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Aliniita. Halafu akasema maji. Halafu akaniita tena."

"Mbona hukwenda?"

Subilaga alikunja paji la uso, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu.

"Nilikuwa nakwenda, mama," alisema. "Kila mara nilikuwa nakwenda. Halafu najikuta naangalia maharage."

Siku iliyofuata Atuganile alikwenda Taasisi, akafunga mlango wa ofisi yake na kufungua kumbukumbu za utepe ule. Mchepuko wa kwanza ulikuwa saa nne na dakika saba. Mstari wa mkondo wa ubongo ulipanda juu sana, juu kuliko alivyowahi kuona kwa mtoto yeyote, na mapigo ya moyo yalipanda pamoja nao. Kizingatishi kiliurudisha chini kabla ya kufumba na kufumbua. Sekunde tisa baadaye ulipanda tena, ukarudishwa. Ukapanda tena.

Alihesabu. Ilikuwa michepuko thelathini na moja katika muda wa dakika arobaini. Kila mmoja ulikuwa mfupi kidogo kuliko uliotangulia, kama mtu anayeusukuma mlango huku nguvu zikimwishia. Wa thelathini na moja ulikuwa kinundu tu. Baada ya hapo, kwa saa nzima, mstari ulilala.

Lakini Mama Kyando alisema alipoingia bibi alikuwa bado ananong'ona. Kwa hiyo wito haukukoma. Kilichokoma ni kuitikia.

Chini ya ukurasa mashine ilikuwa imeandika muhtasari wake, kama ilivyofanya kila siku kwa kila mtoto: Kikao kizuri sana. Michepuko yote imedhibitiwa. Ilikuwa imempa Subilaga nyota tano. Maneno hayo aliyatunga Atuganile mwenyewe.

Alifungua kumbukumbu za wale watoto ishirini na watatu wengine. Mistari yao yote ilishuka vilevile, wiki hadi wiki. Kwa miaka miwili walikuwa wakiandika kwenye ripoti kwamba hiyo ni dalili ya kukomaa.

Aliinuka, akaenda kwenye darasa la hapo hapo Taasisi, akawavua watoto tepe mmoja baada ya mwingine, akamwomba mwalimu atoke nje naye. Walichungulia dirishani. Watoto walikaa. Msichana mmoja alianza kutokwa damu puani, matone yakaanguka kwenye daftari. Jirani yake, ambaye bega lake liligusana na lake, hakumtazama. Hata msichana mwenyewe hakuinua mkono ajifute.

"Wanangoja nini?" aliuliza mwalimu kwa sauti ndogo.

"Kuambiwa pa kuangalia," alisema Atuganile, na hapo akakimbilia ndani na leso.

Mkurugenzi wa Taasisi, Profesa Sanga, alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na machozi yalimlengalenga alipoonyeshwa mistari ile.

"Tutatengeneza orodha ya sauti zinazoruhusiwa," alisema. "Mtu akiomba msaada. Kengele ya moto. Mtoto akiitwa jina. Utepe uziache zipite."

"Na lile ambalo hatutalikumbuka kuliorodhesha?"

"Dakta, umefiwa. Chukua mapumziko kwanza."

"Profesa, mama yangu aliita jina la mtoto. Akaomba na maji. Utepe haukumpitisha kwa sababu aliyeufundisha nini ni kazi na nini ni mchepuko nilikuwa mimi, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa mchepuko."

Hakungoja jibu. Alizichapa kumbukumbu za kila mtoto, akazipeleka kwa wazazi nyumba kwa nyumba, akiwaeleza kwa mdomo wake kile alichokifanya. Mama mmoja alimfukuza. Baba mmoja alisoma karatasi yote, kisha akasema, "Mwanangu alikuwa wa mwisho, akawa wa kwanza. Mrudishieni utepe wake." Wengi walilia tu. Mwezi haukuisha, mradi ukasimamishwa.

Kusimamisha mashine ilikuwa kazi rahisi. Subilaga, alipoketishwa, aliketi. Alipopewa kijiko alikula, na sahani ilipokwisha aliendelea kukwangua sahani tupu mpaka aambiwe basi. Atuganile aliacha kazi. Alimtembeza nje kila asubuhi bila kumwonyesha chochote, bila kusema tazama hiki wala kile, akitumaini dunia itamwita yenyewe.

Mwezi wa tatu tangu mradi usimamishwe, Subilaga aligeuza shingo kumfuata nzi. Wiki mbili baadaye aliuliza kwa nini mbwa wa Mama Kyando anachechemea. Atuganile aliingia bafuni kulia, asionekane.

Ndipo ikaja siku moja ya mvua, mchana, wakiwa wanakula. Subilaga alikuwa akisimulia jambo fulani kuhusu shule yake mpya. Akanyamaza katikati ya neno. Macho yalimtoka. Aliinuka kwa kasi hata kiti kikaanguka.

"Abee, bibi!"

Alikimbia hadi mlangoni mwa jikoni, akasimama pale pale kwenye saruji.

"Abee! Nimekuja!"

Atuganile alisimama. Alijua la kufanya; alilisomea kwa miaka kumi na moja. Mtoto anatakiwa ashikwe bega, aelezwe kwa upole kwamba hakuna sauti, arudishwe mezani kwenye chakula chake. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

Alikwenda akapiga magoti sakafuni kando ya binti yake. Wakasikiliza wote wawili. Mvua ilikuwa ikipiga paa, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

Subilaga alikuwa bado anahema. Aliitazama sakafu, akaitazama tena, kisha akamgeukia mama yake.

"Amenyamaza," alisema.