Waya Isiyoandikwa Jina

Saa sita kamili mchana, klinyota ya kushoto ilianza kulia, tik-tak, tik-tak. Taa ya kona kutoa mlio ni jambo dogo, ila gari halikuwa na batri. Batri ilikuwa kwa jirani, imelazwa chini ya paneli ya jua ikichajiwa, na klinyota yenyewe, kile kidude kinachowasha na kuzima taa, Evariste alikuwa amekichomoa tangu jana yake na kukitia ndani ya kopo la maziwa pamoja na misumari. Akaliendea kopo, akalifungua. Kidude kilikuwa kimetulia juu ya misumari. Akalifunika, akajiambia ni masikio. Ndivyo tulivyo, jamani: kitu kikitutisha, tunasingizia masikio.

Evariste alikuwa fundi wa umeme wa pikipiki na magari pale Wamaza, na gari hilo alikuwa analiunda mwenyewe. Shasi, kiunzi cha gari, aliichomelea kwa mabomba ya chuma, nyembamba, ipite hata kwenye njia ya pikipiki. Mbele viti viwili, nyuma nafasi ya godoro. Mashine, magurudumu na waya vilitoka kwenye gari dogo lililopinduka, ambalo shemeji yake Déo alilipata Salamabila kwa mjane wa mfanyabiashara wa dhahabu. Mjane alilitoa upesi mno, Déo alisema, na lilipoondoka aligeukia ukuta. Evariste hakuuliza kwa nini. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye godoro lile la nyuma.

Miaka miwili nyuma mkewe, Cadette, alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali ya Kasongo. Mtoto akazaliwa njiani, kando ya kijito, ndani ya matope, na hakulia hata mara moja. Sasa Cadette alikuwa na mimba iliyopita miezi minane. Evariste alikuwa ameapa mbele ya Mungu na mbele ya mama mkwe wake: safari hii hakuna pikipiki.

Basi, waya. Gari lile lilikuwa na waya nyingi kupita kiasi: za vioo, za hewa baridi, za redio, za kufungia milango, na gari la Evariste halikuwa na mlango hata mmoja. Walizitandaza kwenye mkeka uani. Yeye alifuata moja moja kwa kidole na kuita, na Cadette, mwenye mwandiko mzuri, aliandika jina juu ya kipande cha sparadra, ile plasta nyeupe ya vidonda, akakibandika. POMPA. TAA KUSHOTO. KLAKSONI. Zenye kazi zilibaki, tena zikakatwa kwa kipimo, zisizidi hata kidole. Taa za nyuma hakuzitaka kabisa. Zisizo na kazi zilitupwa motoni, mpira uungue ibaki shaba. Hakuacha hata kipande cha akiba, na alijisifu kwa hilo.

Katikati ya fungu, chini ya skochi nene, ile tepu ya kufungia waya, walikuta waya nyeusi iliyojifunga kama pete. Haikutoka popote, haikwenda popote. Ilipita ndani ya kifuko cha ngozi, kikubwa kama kidole gumba.

“Hii niandike nini?” Cadette aliuliza.

“Hiyo haina kazi. Usiandike.”

“Evariste, hii ni hirizi. Iache.”

“Cadette! Mimi mutoto wa katekista, niogope ngozi ya mbuzi?”

Akaikata. Ndani ya ngozi mlikuwa na karatasi yenye herufi za Kiarabu, wino mwekundu. Akavitupa vyote motoni, na moshi uliotoka haukunuka mpira. Ulinuka udi, kisha ukanuka nywele zinazoungua, ukaganda kwenye nguo zao. Cadette alifua mara mbili na harufu haikutoka. Kesho yake ndipo klinyota ilipolia.

Siku ya pili, saa sita ile ile, klaksoni iliyotundikwa ukutani chumbani ililia mara moja, ndefu, bila waya. Siku ya tatu Evariste aliamka akakuta sparadra zote zimebanduliwa na kupangwa juu ya mkeka mstari mmoja, na kila moja ilikuwa na maneno yale yale, KITI CHANGU, kwa mwandiko wa mkewe.

“Weye ndiye umeandika?” alinong'ona.

“Haki ya Mungu, hapana.” Cadette aliichukua moja, akaisogeza karibu na macho. “Lakini ni mukono yangu. Ile K ni yangu.”

Saa sita ya siku hiyo Cadette alikuwa amejilaza, jua kali nje, kuku wamejificha, kijiji kimenyamaza, na Evariste akasikia akiitwa kwa sauti ndogo, akaingia, akamkuta mkewe amekaa kitandani na mikono yote miwili juu ya tumbo, anamwambia weka mkono hapa, usiseme kitu, weka tu, naye akaweka, na chini ya kiganja chake mtoto alikuwa anapiga, si teke la mtoto anayejigeuza jinsi alivyolizoea, bali pigo dogo, kavu, lenye nafasi sawasawa, tik-tak, tik-tak, tik-tak, wala halikukoma mpaka kivuli kilipoanza kurudi upande wa pili wa nyumba.

Evariste aliogopa.

Jioni ile alikwenda kwa Mama Aïcha, aliyeuza mafuta ya pikipiki kwa chupa kando ya barabara. Baba yake alimwachia kazi ya kutoa majini, naye hakuipenda, ila hakumfukuza mtu. Alimsikiliza Evariste akiwa anamimina mafuta, hakumwaga tone mpaka aliposikia habari ya waya nyeusi.

“Umeikata?” Akaweka chupa chini. “Fundi, mwenye ile gari alimutoa jini nyumbani kwake. Akamufungia ndani ya waya yenye haina mwanzo wala mwisho, azunguke humo maisha. Weye ukamufungulia mulango. Sasa anatafuta fasi ingine yenye imefungwa pande zote.”

“Fasi gani?”

Mama Aïcha aligusa tumbo lake mwenyewe, na Evariste akaelewa.

“Nitamuita arudi ndani ya gari,” mama alisema. “Atakubali, ni kiti anataka, fasi ya kukaa. Lakini sikia vizuri. Ukikata mara ya pili, mimi sina dawa tena. Atachukua chenye kiko karibu naye.”

Kesho yake Evariste alikata waya nyeusi, ndefu, ya redio yake ya nyumbani, akaunganisha ncha kwa ncha, akaizungusha ndani ya shasi kutoka mbele mpaka nyuma. Mama Aïcha alifunga karatasi mpya ndani ya ngozi, akafukiza udi, akamwita yule jini kwa jina ambalo wengine waliambiwa wazibe masikio wasilisikie. Saa sita, tumbo la Cadette likatulia. Chini ya kiti cha dereva, polepole, ikaanza: tik-tak, tik-tak. Cadette alilia kwa furaha. Mtoto akapiga teke, teke la kweli la mtoto.

Uchungu ulianza siku ya tano, mchana. Batri ilikuwa imefungwa, mashine ikawaka mara ya kwanza. Mama mkwe alikaa nyuma na Cadette kwenye godoro, na gari likaondoka likipita penye njia za pikipiki jinsi Evariste alivyolipanga, huku mvua inakuja na chini ya kiti chake yule anahesabu safari pamoja nao.

Kwenye kijito kile kile, mashine ikazimika.

Evariste aliingia chini ya gari, maji mgongoni. Waya ya pompa, ile inayosukuma mafuta kutoka nyuma, ilikuwa imesuguana na chuma, ikaungua urefu wote. Alitafuta nyingine. Taa za mbele, fupi. Klaksoni, fupi. Taa za nyuma hakutia. Akiba aliichoma. Katika gari zima ilibaki waya moja tu ya kufika kutoka mbele mpaka nyuma, nyeusi, na alipoishika aliisikia inapiga mkononi mwake kama mshipa.

“Baba, harakisha!” mama mkwe alilia. “Kichwa kinashuka, na mukono yangu haisikii mutoto kupiga!”

“Cadette,” alisema. Hakuweza kumaliza.

Cadette aliinua kichwa. Aliona koleo, akaona matope, akayatambua.

“Kata.”

“Mama Aïcha amesema...”

“Kata, Evariste! Sitazika mwingine hapa.”

Akakata. Tik-tak ikanyamaza. Harufu ya nywele zilizoungua ikampita usoni, ikaelekea nyuma, kwenye godoro. Akaunganisha pompa, na mashine ikawaka kwa mguso wa kwanza.

Walifika Kasongo kabla ya jua kuzama. Evariste alisimama ukumbini na matope yake, hajui aombe nini, mpaka aliposikia mtoto analia, kwa nguvu, kwa hasira, naye akaketi sakafuni akalia pia. Muuguzi akatoka anacheka.

“Papa, ni kijana. Iko muzima kabisa. Ingia.”

Cadette alikuwa amelala usingizi mzito, mkono wa kulia umefungwa juu ya ubao kwa ajili ya serumu, ile dripu ya maji. Mtoto alikuwa kando yake, ndani ya kitenge. Jicho lake la kushoto lilifumba, likafumbua, likafumba. Evariste alimgusa shavu, akaona kipande cha sparadra kwenye kifundo cha mkono.

“Ni mimi huwa ninaandika jina la mama,” muuguzi alisema. “Lakini nimegeuka kidogo tu, nikakuta bibi yako ameisha kuandika. Ana mwandiko muzuri.”

Evariste aliutazama mkono wa mkewe uliofungwa kwenye ubao. Kisha akaugeuza mkono mdogo wa mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akasoma: KITI CHANGU.