Wimbo Ulioamsha Aliyelala

Ilikuwa mwaka 2023, katika majira ya kipupwe, wakati ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kukaa juu ya barabara za Mbeya hadi karibu na adhuhuri. Leokadia alikuwa amesimama katika kituo cha mabasi, akingoja gari la kwenda Iringa. Alivaa koti la sufu la rangi ya damu ya mzee, sketi ndefu nyeusi na kitambaa cheupe cha kichwa kilichofungwa bila kosa. Kazi yake ilikuwa kununua mchele kwa ajili ya duka la mama yake, Veneranda, lililopo Mlandege, mjini Iringa, na macho yake hayakuweza kupita gunia bila kulikagua. Kando yake kijana mrefu alikuwa amelishikilia gunia lenye maandishi ya Madibira, kunakolimwa mpunga. Binti aliyelelewa vizuri hapigi mizigo ya watu makofi, lakini Leokadia alilipiga lile kofi moja la kibiashara, ili asikie ukavu wa punje.

Gunia likalia. Mlio wake ulikuwa mrefu na wa shaba. Ulikwenda ukunguni, ukachelewa kufa.

"Mchele gani huu?" akauliza.

"Wa nyuzi sita, dada," kijana akajibu bila kucheka. "Haupikwi. Huchemka wenyewe."

Ndani yake mlikuwa na gitaa, lililotiwa humo kwa sababu begi lake lilikuwa limechanika. Kijana aliitwa Makoye. Wazazi wake walihama Shinyanga pamoja na ng'ombe wao, wakafika bonde la Usangu kabla hajazaliwa. Kwa miaka kadhaa alikuwa amepiga muziki wa roki na bendi ya vijana wa Soweto, mtaa alioishi hapo Mbeya. Bendi ilikuwa imevunjika kwa ugomvi, naye sasa alitaka kutoa albamu akiwa peke yake. Leokadia alimwambia kwamba roki ni kelele za watu wenye spika mbovu. Makoye akamjibu kuwa Wahehe kama yeye huwa na hasira hata na nyimbo. Basi lilipofika, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake, na Leokadia alipanda akiwa ameficha tabasamu ndani ya kola ya koti.

Tangu hapo simu hazikukoma. Makoye alimpigia asubuhi kumwuliza kama ameamka, na jioni kumwuliza kama bado ana hasira. Leokadia alimwita Msukuma wangu, kisha kwa ukali akamkataza kurudia jina hilo mbele ya watu. Kila alipokwenda Mbeya kununua mchele, alipita Soweto kumsalimu.

Siku moja mchana alikuwa ameketi kizingitini kwa Makoye, akipepeta mchele kwenye ungo. Bila kujijua, alianza kuvumisha wimbo kwa pua. Ulikuwa wimbo wa polepole, ambao kila mstari wake ulishuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Makoye alitoka ndani akauliza ni wimbo gani. Leokadia alinyamaza ghafla, akauziba mdomo wake kwa kiganja chenye vumbi la pumba.

"Si wimbo," alisema. "Usiuulize tena."

Makoye hakuuliza tena. Katika hilo alitii. Lakini sikio lake lilikuwa limekwisha kuuchukua. Alikulia miongoni mwa watu ambao vikundi vyao vya ngoma hushindana uwanjani, na huko wimbo mzuri hubebwa na yeyote awezaye kuubeba. Kuuchukua ni kumheshimu mwenye wimbo. Aliona ni zawadi. Angeuvisha maneno mapya, kisha amrudishie mpenzi wake ukiwa umepambwa.

Mvua za mwanzo wa mwaka uliofuata zilipoanza, alikwenda Madibira kurekodi katika ghala la mpunga lililokuwa tupu kabla ya mavuno. Aliupenda mwangwi wa kuta zake. Alifuatana na Ambrosi, fundi wa sauti kutoka Mbeya, na hapakuwa na mtu mwingine. Walipofika kwenye wimbo ule, Ambrosi aligeuka mara kwa mara kuutazama mlango. Alisema alidhani kuna mtu aliyeingia.

Albamu iliitwa *Bonde Tupu*, nayo ilipokewa kwa namna ambayo Makoye hakuitarajia. Wazee walilalamika kwamba gitaa lake linakwaruza. Vijana walisema kwamba hatimaye Nyanda za Juu zimepata roki yenye matope ya kwao. Mchambuzi mmoja aliandika kuwa nyimbo nyingi ni za kijana mwenye kipaji na haraka, ila ule wa mwisho ulimfanya azime taa, kisha aiwashe upesi. Wote, wapendao na wachukiao, waliuliza swali moja: mwanamke anayeimba nyuma ya Makoye katika wimbo wa mwisho ni nani?

Leokadia alikuwa Mlandege dukani, na hakuwa ameisikiliza albamu hiyo, kwa sababu Makoye alimwomba asubiri aje amsikilizishe mwenyewe. Marafiki walianza kumpongeza kwa sauti yake tamu. Kisha Crispin, mtangazaji wa redio moja ya Iringa, alitangaza kwamba bila shaka huyo ni mchumba wa mwimbaji. Leokadia akaichukua simu.

"Makoye, nani huyo unayeimba naye?"

"Hakuna, mpenzi. Niliimba peke yangu."

"Mji mzima unamsikia. Wewe tu humsikii?"

Makoye alikuwa akimsikia kwa wiki nyingi, naye alijiambia kuwa ni upepo kwenye mabati.

"Namsikia," alisema hatimaye. "Lakini hakuwepo."

"Basi endelea na huyo asiyekuwepo," Leokadia akasema, akakata. Hakupokea tena simu zake.

Makoye alikwenda kwa Ambrosi kumwomba athibitishe kwamba hawakumrekodi mwanamke yeyote. Fundi aliufungua wimbo. Alizima ngoma, akazima gitaa, mwisho akaizima sauti ya Makoye mwenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta hapakubaki kitu ila mstari ulionyooka. Spika ziliendelea kuimba. Sauti ya mwanamke ilikuwa karibu zaidi kuliko awali, kana kwamba imeondolewa watu waliokuwa wakiisonga. Ambrosi alichomoa waya ukutani, akamwomba Makoye aondoke na kazi yake.

Juma hilohilo Veneranda alipita mbele ya kibanda cha simu sokoni Mlandege, ambapo wimbo ule ulikuwa ukipigwa. Wauzaji walimwona akisimama na kuinamisha kichwa, kama mzazi anayesikia mtoto wake akiita kutoka mbali. Kabla ya kila mstari wa juu, mwimbaji alikohoa kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu asiyetaka kusumbua. Veneranda alirudi nyumbani akamwuliza Leokadia swali moja.

"Nani amemwamsha dada yako?"

Severina, dada mkubwa wa Leokadia, alikuwa amefariki miaka michache kabla ya hapo kwa maradhi ya kifua. Mama yao ndiye aliyemtungia wimbo wa maombolezo. Katika ukoo wao, wimbo wa namna hiyo ni wa marehemu mmoja tu. Huimbwa kaburini ili umwonyeshe njia, kisha hakuna afumbuaye kinywa kuuimba tena, kwa maana wimbo ni njia yenyewe, na auimbaye humfanya marehemu atembee kurudi. Leokadia aliisikiliza albamu kwa mara ya kwanza. Alikijua kikohozi kile. Utotoni alilala nacho kitanda kimoja. Alijua pia kinywa kilichouvujisha wimbo kilikuwa cha nani.

Safari hii ni yeye aliyepiga simu. Alimweleza Makoye yote, akakiri kosa lake, wala hakumwomba radhi kwa wivu. Hilo alilibakiza kwa siku ya kuonana.

Makoye alifika Mlandege amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti la kuazima. Aliinama akasema "Kamwene," salamu ya Kihehe aliyojifunza njiani, na Veneranda akaipokea bila kutabasamu. Kijana alieleza kwamba kwao wimbo huchukuliwa kwa heshima, na kwamba alikuwa amekuja pia kumposa binti yake.

"Kwenu mna desturi yenu, mwanangu, nami siitukani," Veneranda alisema. "Lakini mwenye wimbo huu hana pa kulala. Uliuchukua kwa kinywa; kwa kinywa uurudishe kaburini, ukiwa umeketi chini kama mfiwa. Ukisha kuurudisha, si wako tena mahali popote. Rudisha kwanza cha marehemu, ndipo tutakapozungumza habari za walio hai."

Makoye alielewa gharama yake. Dastan, mwandaaji wa matamasha, alikuwa amemwita Dar es Salaam kwa ajili ya wimbo huo na si mwingine. Alitoka uani akampigia, akamweleza kwamba anauondoa mitandaoni.

"Bila wimbo huo wewe ni Msukuma mwenye gitaa tu," Dastan alimwambia.

"Ndivyo nilivyo, kaka," Makoye akajibu.

Leokadia, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimwuliza kama atajuta. Makoye alisema atajuta, pengine kila siku.

"Na mimi nilikukosea," Leokadia akasema. "Nilimwonea wivu dada yangu mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata walikwenda makaburini, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye misalaba. Makoye aliketi juu ya ardhi yenye maji, bila gitaa, akaanza kuimba kwa maneno ya Veneranda aliyofundishwa usiku. Katika mstari wa pili kikohozi kilisikika. Leokadia hakugeuka, ingawa bega lake la kushoto lilipata joto la mtu aliyesimama karibu. Sauti mbili ziliteremka pamoja, mstari kwa mstari. Kisha ile ya kike ikawa chini ya ile ya kiume, kisha ikawa chini ya majani, kisha Makoye akawa anaimba peke yake.

Alipomaliza, Veneranda alimwamuru auanze tena, ili ajue kama bado anao. Makoye alifungua kinywa. Alitafuta noti ya kwanza, akaitafuta ya pili, akamtazama Leokadia kama mtu aliyeamka katika chumba asichokijua. Hapakuwa na kitu. Mama akaweka kiganja juu ya udongo, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ameupokea," alisema. "Hudaiwi."