Jina Lililoitikiwa Rebero

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa machungwa. Valens aliyakata vipande vinne vinne, kama alivyokuwa akifanya marehemu mkewe Liliane kabla ya kila mechi ya raga, akayapanga katika beseni ukingoni mwa uwanja wa shule, Rebero. Binti yake Aneth, nahodha wa timu, alionja kimoja.

"Papa, umekata kama mtu anapasua kuni," akasema, akawaendea wenzake.

Ilikuwa siku ya mahasimu. Tangu enzi za magoli ya milingoti ya mikaratusi, shule hiyo na ile ya Rwezamenyo zilishika desturi moja: kabla ya mchezo nahodha huita majina ya marehemu wa timu, na wachezaji huitikia kwa pamoja, "Yupo." Mchezo ukiisha, wapinzani husimama mistari miwili, na timu hupita katikati ikipigiwa makofi. Ni heshima tu, Valens aliwaambia wanafunzi wake wa historia.

Mwaka huo Aneth aliongeza jina la mama yake, aliyewachua misuli wachezaji kwa miaka mingi.

"Liliane."

Kabla wasichana hawajafungua vinywa, sauti ikajibu katikati ya duara: "Niko."

Mechi iliishia kwenye ngumi. Makofi hayakupigwa.

Jioni hiyo nyumba yao ilinukia dawa ya kuchua. Valens alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomchelewesha. Kesho yake harufu iligeuka kuwa ya tope la bondeni. Kisha njumu zikaanza kutembea ukumbini, juu ya saruji, mchana kweupe, taratibu, zikaenda hadi chumbani kwa Aneth, na Aneth, ambaye sasa alikuwa hali wala halali, ambaye mabega yake yalikuwa na alama nyeusi za vidole kama mtu aliyeshikwa katika skramu, ule msukumano wa raga, isiyoachia, aliinama akaweka kichwa ukutani, akasukuma na kusukumwa, na kila Valens alipomvuta alihisi mkono mwingine ukimvuta kutoka upande wa pili, wenye nguvu kuliko wake, na wenye subira.

"Si Mama," Aneth alinong'ona. "Iko na sauti yake tu. Inasema bado tunacheza."

Shehe aliyeletwa alisoma, akapuliza maji.

"Jini hili lilikuwa linasubiri jina la kuvaa," akasema kwa sauti ya chini. "Mlilialika wenyewe. Sasa, mwalimu, aliyeitwa uwanjani huwa mnamtoaje?"

Valens akakumbuka makofi. Akamwendea Oswald, kocha wa mahasimu, Mtanzania.

"Juzi mlitupa ngumi, leo mnataka makofi?" Oswald akauliza. "Na raga yenyewe mnacheza kama mnafukuza kuku."

"Binti yangu anakufa, kaka."

Oswald akamtazama, kisha akachukua filimbi yake na kuwaita vijana wake.

Jua lilikuwa halijazama walipopanga mistari miwili pale Rebero. Valens alipita katikati akimkokota Aneth, na nyuma yao nyasi zililala chini ya nyayo ambazo hakuna aliyeziona, na wapigaji makofi wakalia huku wakipiga, maana kila zilipompita mmoja, viganja vyake vilikufa ganzi. Karibu na mwisho sauti ya Liliane ikamwambia sikioni, kwa upole aliokuwa ameusahau, "Valens, waambie wanyamaze. Nitakwenda wapi mimi?"

Hakugeuka. Akavuka mstari wa uwanja. Harufu ikakatika, na Aneth akaomba chungwa.

Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. Valens aliusikiliza ukimya huo mpaka kukacha.

Asubuhi alimpeleka Aneth kituo cha mabasi cha Nyabugogo, akampandisha basi la Huye akapumzike kwa shangazi yake Daphrose. Alingoja mpaka basi likapotea. Kisha akarudi Rebero, akasimama katikati ya uwanja mtupu, akakata chungwa vipande vinne, vizuri safari hii. Alijua si Liliane. Lakini sauti ilikuwa yake.

Akaita.