Kitabu cha Saa za Wilder

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Delcy alitwanga nyama kavu ya wali wa mchana huku dada yake Rosenda akipiga pasi shati jeupe la shule ya urubani. Pale Trinidad, mji wa Bolivia, mvua ikikolea barabara za mkoa wote wa Beni huzama, na anayerusha ndege huheshimiwa. Delcy alilionea fahari shati lile.

Ndipo akaja binamu yao Wilder, kukaa kwao na kuanza shule hiyohiyo.

"Rosenda kabakiza miezi kumi na minne amalize. Mimi saba tu," alisema mdomo umejaa wali. "Leseni ndogo ya urubani ninayo. Miaka mitatu nimerusha ndege ya baba, ranchi hadi ranchi. Saa zote nilizoruka zimo humu, na shule inazihesabu." Akakipigapiga kitabu chake chakavu.

Delcy akaona wivu. "Dada kaanza Februari, wewe umekuja juzi! Unatuona mabwege?"

"Kaone! Kwani we ndiye mwalimu mkuu?"

Rosenda naye akacheka. Delcy akazidi kuumia.

Kitabu kilitakiwa kukaguliwa shuleni Ijumaa saa tatu. Bila kitabu chenye saini, Wilder angeanza moja kama wengine. Alhamisi, Delcy alikizamisha ndani ya gunia la mchele.

Ijumaa asubuhi Wilder alipindua kila kitu. "Mama mdogo, miaka yangu mitatu imo mle," alimwambia mama yake Delcy. Rosenda alikuwa chini ya kitanda akimsaidia kutafuta, shati lake jeupe limejaa vumbi.

Delcy hakuweza kuvumilia. Alitia mkono guniani. "Ni mimi. Nilimwonea wivu."

Wilder alikinyakua akatoka mbio, punje za mchele zikidondoka njiani.

Rosenda akajikung'uta. "Mimi pia namwonea wivu, mdogo wangu. Lakini saa zile karusha mwenyewe. Hata ungezichoma zote, mimi ningebaki na miezi yangu kumi na minne."

"Umesikia?" mama alisema. "Kumrudisha mwenzio nyuma hakukusogezi mbele hata hatua moja. Akirudi, umwombe radhi na umpakulie kwanza."

Mchana Wilder alirudi akitabasamu. Saa zake zilikubaliwa. Delcy aliomba radhi, akampakulia sahani ya kwanza.

Wilder aliukagua wali. "Humu hamna leseni yangu?"

"Kula, bwana," Rosenda alisema. "Ukimaliza, unifundishe kutua kwenye upepo wa ubavuni."