Kamanda na Karakana Zake

Kila alasiri, akishafua sare na kumaliza kazi za shule, Kamanda aliketi mbele ya kompyuta kuukuu ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wasichana wenzake kwa kupenda kutoa amri, naye aliliitikia bila haya. Katika mchezo alioupenda alikuwa na kijiji kizima mkononi: msagaji, mwoka mikate, mshonaji, seremala, kila mtu na karakana yake. Hakuna aliyeinua hata kidole mpaka Kamanda abofye.

"Oka mkate mmoja! Shona koti moja! Wewe, pasua mbao!"

Siku hiyo baridi kali na theluji viliingia kijijini. Kamanda alipokimbilia kwa mshonaji, tanuri la mikate likapoa. Alipolirudia tanuri, unga ulikuwa umekwisha, kwani msagaji alikaa tu akingoja kuambiwa. Mara mzee mchunga mbuzi akaanguka thelujini kwa njaa. Machozi yakamtoka Kamanda, kidole kingali kinabofya.

Shangazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kiwanda chake cha mikate, aliingia na unga kwenye nyusi. "Kuna msiba gani humu?"

"Watu wangu wanakufa, shangazi! Wavivu hawa, bila kusukumwa hawafanyi kitu."

Shangazi akavuta kiti, akainamia kioo. "Na hapa pameandikwa nini?"

"'Endelea mpaka akiba itoshe.' Unajaza kiasi unachotaka. Lakini situmii hiyo. Wakikosea je?"

"Loo! Mimi nami ningemshika mkono kila mwokaji wangu, mji ungekunywa chai kavu. Hebu jaribu."

Shingo upande, Kamanda akajaza: unga usipungue hapa, mikate hapa, makoti hapa.

"Sasa toa mkono."

"Nitoe kabisa?"

"Kabisa. Ukikuwasha, ukalie."

Akaukalia. Kwanza kimya. Kisha msagaji akainuka mwenyewe, jiwe likazunguka. Mwoka mikate akachukua unga, moshi ukapanda. Mshonaji alipoona makoti yamepungua, akashika sindano. Yalipotosha, akaiweka chini, akaenda kusaidia kuchanja kuni. Njia zilijaa watu wakipishana, kila mmoja akijua aendako. Mmoja akampelekea mchunga mbuzi mkate, naye mzee akaketi, akala, akasimama.

Kamanda alishika mdomo. Nywele zilimsisimka. Kijiji chote kilikuwa hai, na yeye hajasema neno.

"Kumbe wanaweza," alinong'ona.

"Walikuwa wanaweza tangu mwanzo," shangazi akasema, akimfuta machozi. "Kuongoza si kuwa mkono wa kila mtu, mwanangu. Eleza wazi kinachotakiwa, kisha mwamini mwenye kazi na kazi yake. Jicho lako libaki huru kuona panapokwenda mrama."