Mtu wa Tano Chini ya Dirisha

Saila ni wifi yangu, na haya alinisimulia mara moja tu, kikombe cha kahawa kikimpoea mkononi. Sijawahi kumwomba ayarudie.

Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kampuni changa ya watu wanne, hapa hapa Tampere, Finland, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha nguo. Mkubwa wao, Markku, alitafuta wateja, akajibu simu, na kila Ijumaa akasafisha choo. Tarmo, mtu mkimya kutoka Estonia, aliunda vifaa. Johanna alichora kila kilichoonekana kwenye skrini, na Saila aliandika programu. Vyeo hakuna aliyevikumbuka. Printa ikikwama, aliye karibu nayo ndiye fundi wa printa. Saila aliipenda kazi ile. Alikuwa ametoka benki kubwa alikokaa miaka sita bila kujua kazi yake inamsaidia nani.

Hapa alijua. Walitengeneza kifaa chenye ukubwa wa sahani ya kikombe, cha kubandikwa darini nyumbani kwa mzee anayeishi peke yake. Hakikuwa na kamera. Kilitoa mawimbi, kikahesabu waliomo chumbani, kikapima hata pumzi zao. Mzee akianguka, kilipiga simu kuomba msaada.

Jumatatu moja ya Novemba walikibandika kifaa cha kwanza juu ya meza zao wenyewe, wakakusanyika mbele ya skrini ya Saila na mikate ya iliki mikononi. Ramani ya ofisi ikatokea, na juu yake vitone, kila kitone mtu mmoja.

Vilikuwa vitano.

“Johanna, umejichora mara mbili?” Markku aliuliza.

“Mimi mmoja tu nakushinda, wawili utawaweza?”

Wakacheka. Kitone cha tano kilikuwa chini ya dirisha, na alama yake ilionyesha mtu aliyelala. Tarmo akasema ni mabomba ya kupasha joto. Wakayafunga, wakafanya kazi na makoti siku nzima. Kitone hakikusogea. Jumanne Tarmo alikihamisha kifaa upande wa pili wa dari. Kitone kikabaki palepale, chini ya dirisha. Jumatano Saila alifungua vipimo vya pumzi. Wao wanne walipumua kama watu. Wa tano alivuta pumzi mara mbili kwa dakika.

Walimpa jina, Mpangaji. Asubuhi Markku alimsalimia akivua viatu. Lakini Saila aligundua kwamba hakuna tena aliyepita karibu na dirisha lile. Johanna alikuwa amekihamisha kiti chake.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya maonyesho mbele ya manispaa. Wakikubaliwa, vifaa kumi na viwili vingewekwa majumbani mwa wazee. Wakikataliwa, kampuni ingekufa kabla ya Krismasi.

“Kifute kitone kile,” Markku alisema.

“Sijui ni nini, nitakifutaje?”

“Saila, dada yangu, huhitaji kujua ni nini. Kifiche. Tutarekebisha baadaye.”

Ndivyo walivyoishi mle ndani, kila kitu kitarekebishwa baadaye. Saila akaandika mistari mitano. Maana yake ilikuwa hii: ambaye hakuonekana akiingia kwa mlango, asihesabiwe. Akabonyeza. Kitone kikatoweka.

Alasiri hiyo alihisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu, kama mtu amefungua mlango sakafuni.

Maonyesho yakaenda vizuri. Manispaa ikakubali. Tarmo alikuwa na vifaa kumi na kimoja tu vilivyo tayari, basi akapanda ngazi, akabandua kile cha ofisini. Hicho kikaenda kwa Bibi Aune Kivelä, mwenye miaka themanini na sita, anayeishi katika chumba kimoja na jiko humo humo. Tarmo alikiwasha, akairudisha ngazi garini, akaingia tena, akajilaza sakafuni kukijaribu. Simu ikaita kama inavyotakiwa. Bibi Aune akampa kahawa.

Jumanne ya wiki ya pili, Bibi Aune alianguka saa sita mchana. Simu haikuita. Dada yake alimkuta saa kumi na moja jioni, chini ya dirisha, midomo ya bluu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Saila alipopata habari, hakuhitaji kutafuta kosa. Barafu ya barabarani ilikuwa imemfungia bibi yule ndani tangu kabla ya kifaa kuwashwa. Chakula aliletewa na dada yake. Kifaa hakikuwahi kumwona akiingia kwa mlango. Kwa mistari ile mitano, Bibi Aune hakuwepo nyumbani kwake mwenyewe.

“Tuseme ni betri,” Markku alisema polepole, bila kumtazama. “Amepona, Saila. Yuko hospitali, anakula.”

“Si betri. Ni mimi.”

“Ni sisi sote. Ndiyo maana nakuambia tuseme betri.”

Markku alipoondoka, Saila alikaa peke yake na rekodi ghafi, ile ambayo mistari yake haikuigusa. Aliiendesha tangu siku ya kwanza.

Vitone viwili.

Kimoja kilitembea: jiko, kitanda, jiko. Cha pili kililala chini ya dirisha. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Hakikusogea.

Jumanne, saa sita na dakika saba, Bibi Aune alikwenda dirishani. Akasimama. Akashuka chini, juu ya kile kitone kingine. Vikawa kimoja.

Halafu kimoja kikainuka, kingine kikabaki chini.

Kilisimama juu yake dakika arobaini. Pumzi za kile kilichosimama zikaongezeka. Nne kwa dakika. Tisa. Kumi na tano. Kikaenda mlangoni, kikatoka.

Saila aliizima kompyuta. Hakugeuka nyuma kutazama dirisha.

Kesho yake alikwenda hospitali kuomba radhi. Alieleza yote, mistari mitano, mlango, kosa lake. Bibi Aune alimsikiliza kama anayesikiliza habari za mtaa mwingine. Kisha akamvuta mkono.

“Alikuwa na heshima zake,” alinong’ona. “Alisema zamu yake imekwisha.”

“Nani, bibi?”

“Wa pale chini. Alisema sasa nilale mimi.”

Jioni hiyo Saila aliiandikia manispaa barua, akatia jina lake peke yake. Vifaa vyote vilibanduliwa ndani ya wiki. Markku hakumfokea, alikaa kwenye ngazi za kiwanda na koti lake, akasema, “Ulifanya vizuri,” na tangu hapo hawajazungumza. Januari kampuni ilifungwa. Tarmo akarudi kwao Tartu, Estonia.

Aprili, barafu ilipoyeyuka, Saila alikwenda kumsalimia Bibi Aune. Alimkuta amenawiri, nywele zimechanwa, meza imeandaliwa. Kitanda kilikuwa kimevutwa hadi chini ya dirisha. Manispaa ilikuwa imemwekea kifaa kipya, cha kampuni nyingine kabisa, na ukutani palikuwa na skrini ndogo ya kuonyesha idadi ya waliomo chumbani.

Walikunywa kahawa. Walizungumza habari za dada yake na bei ya samaki. Saila aliinua macho ukutani.

Moja.

Akashusha kikombe. Akasema anakwenda kuchukua kitu kwenye koti, kwenye korido. Akatoka, akauacha mlango wazi kidogo, akachungulia.

Bibi Aune alikuwa mezani, akikoroga kahawa. Kijiko kiligonga kikombe. Ukutani paliandikwa sifuri.

“Kinasema tuko wangapi?” bibi aliuliza, bila kugeuka.

Saila alishika kitasa kwa mikono miwili.

“Wawili, bibi.”

“Vizuri,” Bibi Aune akasema. “Basi njoo ukae.”