Punguza Nyekundu Kidogo

Jioni ile Bosi alitoka kwenda kutafuta wino wa printa, akaniachia studio na usemi wake wa kila siku: "Picha mbaya ni ya mteja, rangi mbaya ni yetu."

Nilikuwa nahangaika na skrini mpya. Mpya kwetu tu, maana Bosi aliinunua kwenye ofisi iliyofungwa, na ilikuwa inaonyesha kila kitu kwa wekundu. Mashati meupe yalionekana kama yamefuliwa pamoja na kitambaa kinachochuja. Nyuso zote zilikuwa na homa. Nikiupunguza wekundu kwenye picha nikidhani nasaidia, karatasi inatoka na watu wamepauka kama majivu. Wanafunzi wa mahafali walishaturudishia picha zao, mmoja akauliza kama tumewapiga wakiwa hai. Basi Bosi akaniambia nisiguse picha tena, niiseti skrini yenyewe.

Taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka. Niliinama kutafuta vitufe, ambavyo kwenye skrini ile vimejificha chini ya ukingo. Nilipoinuka, mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya meza.

Mlango wetu unalia. Humtangaza kila anayeingia, hata paka.

Sikuwa nimeusikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Alikuwa mtu mzima, nadhifu, amejitanda mtandio wa kijivu uliomfunika mpaka mikono. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Flashi ilikuwa tayari mezani, ingawa sikumwona akiiweka.

Niliichomeka. Ilikuwa na picha moja tu. Gauni jekundu, tumbo la mama mjamzito, na mikono miwili iliyopumzika juu ya tumbo. Picha ilikatwa shingoni. Uso haukuwepo.

"Ni binti yako, mama?"

"Ni wa kwetu."

"Nirekebishe wapi kwenye picha?"

"Picha usiiguse," alisema. "Skrini yako ina wekundu mwingi. Punguza."

Nilimfurahia. Wateja wengi hawajui tofauti ya picha na skrini. Ukiwaeleza, wanadhani unakwepa kazi. Nikafungua menyu, nikafika kwenye rangi. Nyekundu, kijani, buluu. Nikabonyeza kitufe, namba ya nyekundu ikaanza kushuka.

Gauni likatulia. Ukuta wa nyuma, uliokuwa wa waridi, ukawa mweupe. Mtu yeyote wa kazi hii akiona ukuta mweupe umekuwa mweupe, anajua amefika.

"Hapo panatosha, mama."

"Punguza kidogo."

Nikapunguza. Gauni likawa rangi ya kutu.

"Kidogo tena."

"Mama, tukizidisha..."

"Kidogo tena, mwanangu."

Mteja ni mfalme, nikajiambia, acha aone mwenyewe itakavyochukiza. Nikamgeuzia skrini zaidi, nikamwonyesha kitufe kilipo, nikamwambia abonyeze hadi aridhike.

Hakuitoa mikono kwenye mtandio.

"Mkono wangu haufai," alisema.

Nikaendelea mimi. Gauni likawa la udongo. Ngozi ya mikono ile ikaanza kwenda kijani, kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Simu yangu ilitetemeka mezani, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Sikuipokea mbele ya mteja.

Kisha ikaja harufu. Chuma kilicholowa... Ile harufu unayoisikia puani ukijikata kidole na kukinyonya. Niliangalia chini ya meza nikidhani waya unaungua. Hapakuwa na kitu.

"Usiache," alinong'ona.

Ukiondoa wekundu kwenye ngozi, kila doa hujitokeza. Chunusi, michubuko, hata kovu la zamani ambalo mwenyewe amelisahau. Wapiga picha wanalijua hilo. Kwenye mkono wa kushoto wa mama yule mjamzito, juu kidogo ya kiganja, kovu lilikuwa linapanda taratibu kutoka chini ya ngozi. Limepinda kama ndoana.

Nilikuwepo lilipopatikana. Sufuria ya maji ya moto, sisi wawili jikoni, mama yetu yupo uani anaanika nguo.

Ulikuwa mkono wa dada yangu.

Simu ikatetemeka tena, nikaipokea. Alikuwa mama yetu, na alikuwa analia kwa ile sauti isiyotoka vizuri.

"Uko wapi wewe? Dada yako kaanguka. Yuko hospitali. Damu, mwanangu... hawajui inaenda wapi. Haitoki nje, na ndani hawaioni. Inapungua tu."

Mwanamke hakuniangalia. Alikuwa anaitazama skrini kama mtu anayesubiri chai ichemke.

Nikaushika waya wa umeme.

"Ukiuchomoa sasa," alisema kwa upole uleule, "damu yake itabaki hapo ilipofika."

Sijui mpaka leo kama alisema kweli. Lakini mkono wangu ulikataa kuvuta. Nikarudi kwenye vitufe. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho. Nikabonyeza cha kupandisha.

Namba haikusogea.

Nikabonyeza tena. Tena. Menyu ikapotea, nikaiita upya, nikakosea, nikaingia kwenye mwangaza badala ya rangi, na skrini yote ikafifia kama taa inayokata roho. Nilisikia mtu anapumua kwa shida. Nilidhani ni mimi. Nikabana pumzi yangu.

Pumzi ile ikaendelea.

Ilikuwa inatoka kwenye skrini.

"Dada," nikasema. "Dada, nipo. Usilale."

"Mimi sijagusa kitu," mwanamke alisema. "Aliyeutoa wekundu ni wewe."

"Basi nitaurudisha mimi."

Nilisema hivyo bila kujua nimepata wapi ujasiri. Nikashuka hadi mwisho kabisa wa menyu, pale pa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Ikauliza: ndiyo au hapana. Alama ilikuwa juu ya hapana. Nikaisogeza, ikarudi yenyewe. Nikaisogeza tena, nikakikandamiza kitufe kwa dole gumba na kukishikilia kwa nguvu zangu zote, huku nikilitaja jina la dada, lile la utotoni linalojulikana nyumbani tu.

Skrini ikazimika.

Giza. Studio nzima, na mtaa wote, taa zilikatika. Mlango ukalia, taratibu, kama mtu anayetoka bila haraka.

Umeme uliporudi, gauni lilikuwa jekundu. Jekundu la kupitiliza, jekundu la kuumiza macho. Sijawahi kufurahia rangi mbaya kiasi kile. Mteja hakuwepo. Flashi pia haikuwepo, lakini picha ilibaki pale kwenye kioo kwa muda, kisha ikaondoka.

Nilifunga studio bila kumsubiri Bosi, nikapanda bodaboda hadi hospitali. Mama alikuwa kwenye korido ameshikilia viatu vya dada. Aliniambia daktari amechanganyikiwa: presha ya dada imepanda ghafla, midomo imerudi rangi, na hawajamwongeza hata tone, kwa sababu damu ya kundi lake walikuwa bado wanaitafuta.

"Ingia, anakuulizia," alisema.

Dada alikuwa amelala chali, mkono juu ya tumbo. Aliponiona alitabasamu kwa uchovu.

"Nilihisi kama mtu ananichota," alininong'oneza. "Kwa kikombe. Taratibu, anachota, anamwaga. Halafu nikakusikia wewe unaniita."

Shemeji, mume wa dada, alisimama kunipisha. "Hamjawahi kuonana," aliniambia. "Huyu ni shangazi yangu, aliyenilea. Amefika kutoka safari leo. Tangu mchana, kabla hata mwenzangu hajaanguka, hajamwacha peke yake. Hapa hajanyanyuka hata kwenda msalani."

Kwenye kiti upande wa pili wa kitanda, mtandio wa kijivu.

Alikuwa amekishika kiganja cha dada. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona mikono yake. Ya kawaida tu, mikono ya mtu mzima. Ila kucha zilikuwa nyekundu kutoka ndani, siyo za kupaka.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema. "Macho yako yamechoka. Skrini hizo si nzuri."

Nililala hospitali usiku ule na usiku uliofuata. Nilimweleza mama kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mtu alikuwa hapa mbele ya macho ya watu, wewe unasema alikuwa kwako. Nikamwambie nini mkwe wangu? Utamvunjia dada yako ndoa." Nilimweleza Bosi pia. Hakucheka. Aliipeleka skrini ile sokoni, akaiuza bila kuniuliza zaidi.

Dada alijifungua salama, mtoto wa kike, mkubwa, mwenye sauti. Shangazi alibaki pale nyumbani kumsaidia. Anapika, anafua, anambeba mtoto vizuri kuliko sisi sote. Dada anamsifu. Nikianza kusema, ananiangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyeumwa.

Juzi shemeji alinipigia. Walitaka picha kubwa ya mtoto, ya ukutani. Nilimwambia hapana. Nilimwambia tunahamisha mashine, printa imeharibika, Bosi anaumwa; nilirundika sababu hadi nikajisikia aibu. Nilimwomba wasimpige mtoto picha kwanza, wangoje akue. Leo mchana nikampigia tena kuhakikisha.

"Wala usihangaike, shemeji," alisema kwa furaha. "Shangazi alishampeleka leo asubuhi kwenye studio nyingine. Bado wako huko. Anasema kijana wa pale ni msikivu sana, kila anachomwambia anafanya."